Kukomaza Tangi la Samaki wa Dhahabu kwa Bakteria wa Chupa: Mwongozo kwa Wafugaji wa Kisumu

Samaki wangu wa kwanza wa dhahabu walikuwa wawili, na walikufa siku ya tano na ya sita baada ya kuingia katika tangi lililokuwa safi kuliko kitu kingine chochote nyumbani kwetu. Nilikuwa nimefuata kila nililoambiwa dukani: niliosha kioo, nikajaza maji ya mfereji, nikawasha filta, nikamimina chupa nzima ya bakteria, na jioni ileile nikawatia samaki. Siku ya nne walianza kupumulia juu ya maji huku mapezi yamebanwa mwilini na matamvua yamewaiva mekundu, ilhali maji yenyewe yalikuwa maangavu kama ya kunywa. Nilipopata mtu wa kuniazima vipimo, amonia ilikuwa miligramu 4 kwa lita.

Tangu wakati huo nimekomaza matangi saba hapa Kisumu, yaani nimelea bakteria ndani yake mpaka yakawa tayari kupokea samaki, yangu na ya jamaa na majirani, nami nimejifunza kwamba chupa huleta bakteria tu. Chakula chao, hewa yao, alkali wanayoitumia (ile akiba ya maji inayozima asidi) na siku za kuzaliana lazima zitoke kwa mwenye tangi, na vyote hivyo vinapaswa kutimia kabla samaki hajagusa maji. Kipimo, wala si macho, ndicho kinachosema kama vimetimia.

Kinachotokea ndani ya maji

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake mchana na usiku, na chakula kilichobaki pamoja na kinyesi huongeza nyingine. Kundi la kwanza la bakteria, ambalo katika vitabu vingi huwakilishwa na Nitrosomonas, huigeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huizuia damu ya samaki isibebe oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi kikubwa zaidi na ambayo huondolewa kwa kubadilisha maji. Kazi hii haifanyiki sana ndani ya maji yenyewe. Bakteria hao hushika juu ya sponji, mawe na kioo, hasa mahali maji yanapopita bila kukoma, na ndiyo maana filta ni nyumba yao kabla ya kuwa chombo cha kuchujia uchafu.

Bakteria hawa huzaliana polepole sana. Bakteria wa kawaida wa tumboni wanaweza kuongezeka maradufu kwa dakika 20 hivi wakipata mazingira mazuri, ilhali hawa wa amonia na nitraiti huhitaji saa nyingi, mara nyingi zaidi ya nusu siku, ili waongezeke maradufu mara moja tu. Kwa sababu hiyo tangi lisilotiwa mbegu yoyote huchukua wiki nne hadi sita kukomaa katika joto letu, nalo lililotiwa chupa nzuri linaweza kukomaa kwa wiki moja hadi tatu. Mtu akikuahidi siku moja, muulize amepima nini.

Kuchagua chupa

Soma maandishi ya nyuma kabla ya kulipa. Zipo chupa zenye bakteria wa jamii ya Bacillus, ambao hukaa usingizini kama vijimbegu vigumu na hivyo huvumilia joto na miaka ya kukaa rafuni. Hao husaidia kuozesha uchafu, lakini si wao wanaobeba kazi ya kumaliza amonia na nitraiti tunayoizungumzia hapa. Tunaowataka hawana usingizi wa namna hiyo. Wako hai ndani ya chupa, wana njaa, na hufa wakigandishwa au wakichomwa na jua. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba katika matangi ya maji baridi kazi ya kumaliza nitraiti hufanywa na bakteria wa jamii ya Nitrospira, si Nitrobacter kama ilivyoaminiwa kwa miaka mingi, kwa hiyo mimi hufurahi nikiliona jina la Nitrospira kwenye lebo.

Tarehe ya kuisha muda ni jambo la kwanza, na safari ya chupa ni la pili. Nyingi ya chupa tunazonunua huku hutoka Nairobi kwa basi, na ndani ya buti ya basi lililoegeshwa juani saa sita mchana kuna joto la kuua. Mimi humwomba muuzaji aitume usiku, ifungwe kwa magazeti, nami huichukua asubuhi mapema na kuiweka sehemu ya chini ya friji, mbali na barafu. Harufu ya yai bovu ukifungua haithibitishi kwamba bakteria wamekufa, na kukosa harufu hakuthibitishi kwamba wako hai. Utajua kwa vipimo ndani ya siku chache.

Ukiwa na rafiki mwenye tangi lililokomaa na samaki wenye afya, mwombe kipande cha sponji iliyotumika. Kwa maoni yangu kipande hicho kinashinda chupa yoyote, ila kumbuka kwamba maradhi na vimelea vya tangi lake huja pamoja nacho.

Tangi na filta

Samaki wa dhahabu si wa bakuli. Wale wenye mikia mipana hufikia sentimita 15 hadi 20, na wale wa umbo la kawaida hufika 30 wakipata nafasi. Kwa samaki wawili wenye mikia mipana, tangi la urefu wa sentimita 90, upana wa 35 na kimo cha 40 linatosha kuanzia, nalo hubeba takriban lita 120 likijazwa karibu na ukingo. Hesabu zote nitakazotoa hapa chini ni za tangi hilo. Ikiwa fundi wa vioo ndiye anayekutengenezea, hakikisha silikoni anayotumia haina dawa ya kuzuia ukungu, kwa maana dawa hiyo ni hatari kwa samaki na inaweza kuwaua bakteria, na uiache ikauke wiki nzima mpaka harufu ya siki iishe.

Filta ya samaki hawa inapaswa kuzungusha maji ya tangi zima mara nane hadi kumi kwa saa, yaani kati ya lita 960 na 1,200 kwa tangi letu. Mimi hutumia mbili: moja ya kuning'inia nyuma ya tangi, ambayo nimeijaza sponji na vipande vya jiwe la pumisi, na nyingine ya sponji tupu inayoendeshwa na pampu ya hewa. Pumisi, lile jiwe jepesi lenye vitundu linalopatikana Bonde la Ufa, lina uso mwingi ndani ya kipande kidogo, na bei yake haifanani kabisa na ile ya pete za kauri zinazotoka ng'ambo. Lioshe mpaka maji yasiwe na vumbi, ulichemshe, kisha ulitumie. Vile vifurushi vya filta ambavyo kiwandani wanakuambia uvitupe kila mwezi, usivitupe. Ukivitupa umetupa bakteria wote uliowalea.

Filta ya sponji na pampu ya hewa ina sababu yake hapa kwetu, nayo ni stima. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, bakteria waliofungiwa ndani ya filta ya mkebe, ile iliyofunikwa kabisa na kukaa nje ya tangi, humaliza oksijeni ya maji yaliyosimama humo na kuanza kufa, na umeme ukirudi mkebe huo hutapika maji yaliyooza juu ya samaki. Sponji iliyo wazi ndani ya tangi haifungiwi hivyo, na pampu ndogo ya hewa yenye betri ya kuchajiwa huiendesha usiku kucha. Kama una filta ya mkebe, mwaga maji yaliyomo kabla ya kuiwasha tena.

Maji ya mfereji

Maji ya mfereji yametiwa klorini ili yasituue sisi, na klorini hiyo haichagui kati ya vijidudu vya kipindupindu na bakteria wako wa chupa. Tumia dawa ya kuondoa klorini; nyingi hutegemea sodiamu thaiosalfeti na hufanya kazi ndani ya dakika chache. Kuyaacha maji kwenye ndoo wazi yenye jiwe la hewa kwa saa 24 husaidia pia, lakini siku ambazo klorini imetiwa nyingi hadi inanuka bombani mimi siamini ndoo peke yake.

Jambo ambalo miongozo ya nchi nyingine haitakuambia ni kwamba maji ya Ziwa Victoria ni laini, yaani yana chumvichumvi kidogo na akiba ndogo ya alkali. Nyumbani kwangu kipimo cha alkali huonyesha digrii 2 au 3 tu. Kila mara bakteria wanapogeuza amonia kuwa nitreti hutoa asidi, na asidi hiyo hula alkali: miligramu 2 za amonia kwa lita humaliza takriban miligramu 12 za alkali ikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti, ambayo ni zaidi kidogo ya nusu digrii. Fanya hesabu hiyo kwa dozi nne au tano mfululizo na utaona kwamba akiba imekwisha. Hapo pH, kipimo ambacho hushuka asidi ikizidi ndani ya maji, huporomoka chini ya 6.5, bakteria huzubaa, ikikaribia 6 husimama karibu kabisa, na mwenye tangi hudhani chupa ilikuwa mbovu. Tangi langu la pili lilisimama hivyo kwa siku tisa, nami nilikuwa tayari nimeagiza chupa nyingine kabla sijafikiria kupima pH.

Tiba yake inauzwa dukani kwa bei ya chini sana: bekingi soda. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ambacho ni kama gramu 5, huongeza digrii 1.7 hivi katika lita 100. Kikoroge kwanza katika kikombe cha maji, ukimimine taratibu, na upime tena baada ya saa moja. Lengo langu wakati wa kukomaza ni digrii 5 hadi 6. Tafadhali usichanganye bekingi soda na bekingi pauda, na zaidi ya hayo usitumie magadi yale ya kupikia mboga za kienyeji, maana hayo hupandisha pH kwa ghafla na yana mambo mengine ndani yake yasiyopimika. Kwa muda mrefu, konzi moja ya makombe ya baharini yaliyosagwa, ambayo maduka ya agroveti huyauza kwa ajili ya kuku wa mayai, ikiwekwa katika mfuko wa wavu ndani ya filta huyeyuka polepole na kuishikilia alkali.

Jamaa yangu aliye Nakuru hana tatizo hili. Maji ya visima vya huko yana alkali nyingi na pH yake hupita 8, hivyo bakteria wake hawakosi alkali, lakini amonia kwake ni kali zaidi. Kwa nyuzi 25, katika pH 7 ni kama asilimia 0.6 tu ya amonia yote iliyo katika umbo la sumu, na katika pH 8 ni zaidi ya asilimia 5. Usiku wa Nakuru pia ni baridi, na baridi huwachelewesha bakteria. Yeye huweka hita ya nyuzi 26 mpaka tangi likomae, kisha huitoa kwa kuwa samaki wa dhahabu wenyewe wanapenda ubaridi.

Kuwalisha bakteria

Jaza tangi, ondoa klorini, rekebisha alkali, washa filta zote mbili na uziache zizunguke siku nzima. Zima taa ya UV, ile ya kuua vijidudu, kama ipo. Tikisa chupa ya bakteria kwa nguvu, kwa maana hutuama chini kama tope la kahawia, kisha umimine kiasi kilichoandikwa moja kwa moja juu ya sponji na pumisi. Ukizidisha hutaharibu kitu.

Sasa walishe. Njia ninayoiamini ni amoniamu kloraidi, unga mweupe unaouzwa na wauzaji wa kemikali za maabara za shule. Yeyusha gramu 6.3 katika lita moja ya maji. Mililita moja ya mchanganyiko huo kwa kila lita ya tangi huleta miligramu 2 za amonia kwa lita, kwa hiyo tangi letu huhitaji mililita 120. Andika jina na neno SUMU kwenye chupa hiyo na uiweke mbali na watoto.

Asiyepata unga huo atumie omena. Chukua omena wakavu kama kumi wasiotiwa chumvi, wafunge ndani ya kipande cha soksi ya nailoni, watumbukize, na uanze kupima kuanzia siku ya pili. Maji yatafanya ukungu mweupe na kutakuwa na harufu, ambayo hupungua baadaye. Amonia ikifika miligramu 2, toa soksi, ikishuka, irudishe. Njia hii inafanya kazi, lakini ni ya kubahatisha, na ikiachwa kwa siku nyingi amonia hupanda kupita miligramu 5, kiwango ambacho mimi sikipendi kwa kuwa huweza kuwakwamisha bakteria wenyewe.

Hewa isisahaulike. Kugeuza dozi moja ya miligramu 2 hutumia zaidi ya miligramu 7 za oksijeni kwa kila lita, na hapa Kisumu, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji ya nyuzi 25 hayawezi kushika zaidi ya miligramu 7.2 hivi. Kwa maneno mengine dozi moja hula oksijeni sawa na yote iliyomo, na isiporudishwa na pampu ya hewa na maji yanayotibuka juu, bakteria hukaa na chakula wasichoweza kukila.

Kupima

Nunua vipimo vya matone vya amonia, nitraiti, nitreti, pH na alkali. Vijikaratasi ni vya haraka lakini rangi zake hunitatiza. Pima kila siku saa ileile na uandike kwenye daftari. Katika vipimo vingi vya matone kibomba cha amonia huwa cha manjano kama haipo, na huelekea kijani kadiri inavyoongezeka. Simama karibu na dirisha, weka karatasi nyeupe nyuma ya kibomba, na usubiri dakika zote zilizoandikwa, maana kipimo kilichosomwa mapema hudanganya.

Siku za kwanza amonia husimama palepale, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kisha siku moja hushuka, na nitraiti hujitokeza. Kila amonia inapokaribia sifuri ongeza dozi nyingine, lakini nitraiti ikipita miligramu 5 acha kwanza au ubadilishe nusu ya maji. Awamu ya nitraiti ndiyo ndefu: rangi ya zambarau kwenye kibomba inaweza kukaa wiki nzima bila kubadilika, halafu ikatoweka kati ya jioni na asubuhi. Wakati huu ndipo pH huporomoka, kwa hiyo pima alkali kila baada ya siku mbili.

Tangi limekomaa pale dozi kamili ya miligramu 2 inapogeuzwa yote ndani ya saa 24, amonia sifuri na nitraiti sifuri, siku mbili mfululizo. Kipimo cha amonia peke yake hakitoshi. Kila dozi huacha takriban miligramu 7 za nitreti kwa lita, kwa hiyo baada ya dozi kumi unayo 70 hivi. Badilisha asilimia 70 hadi 80 ya maji, ukiondoa klorini na kurudisha alkali, kisha watie samaki siku hiyohiyo au kesho yake. Bakteria wasikae siku nyingi bila chakula. Maji yaliyotoka yapeleke kwenye sukuma wiki, ila yasiwe na chumvi.

Wiki mbili za kwanza lisha mara moja kwa siku, kiasi kinachokwisha kwa dakika mbili, na uendelee kupima. Baadaye badilisha robo hadi nusu ya maji kila wiki ili nitreti isipite 40. Sponji ikiziba ikamue ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi, usiiweke kamwe chini ya bomba, na usisafishe filta mbili wiki moja. Na samaki akikushinda kumfuga, mtafutie mfugaji mwingine. Asipelekwe ziwani, ambako sangara na gugu maji vimeshatuonyesha gharama ya wageni.

Ikiwa samaki tayari wamo

Wapo watakaosoma haya samaki wakiwa tayari wanahema juu ya maji. Acha kulisha kwa siku mbili. Hawatakufa kwa njaa. Badilisha nusu ya maji leo, na kila siku ubadilishe kiasi kitakachofanya amonia na nitraiti zikijumlishwa zisizidi miligramu 0.5. Nitraiti ikionekana, gramu moja ya chumvi isiyo na iodini kwa kila lita hupunguza sumu yake, kwa kuwa kloraidi ya chumvi huizuia isipenye kwenye matamvua. Ongeza hewa, mimina bakteria wa chupa juu ya sponji, na usitie amonia yoyote, kwa maana samaki wenyewe wanatosha kuwalisha bakteria. Alkali usiiongeze kwa ghafla. Amonia ikiwa nyingi, pH inayopanda haraka huigeuza kuwa sumu mbele ya macho yako, hivyo badilisha maji kwanza, ndipo utie bekingi soda robo kijiko kwa robo kijiko.

Tangi likishatulia, tumbukiza sponji moja ya ziada nyuma ya filta na uiache humo miezi miwili. Jirani akianza tangi lake, itoe, itie katika mfuko wenye maji ya tangi na hewa nyingi, na umwambie aifikishe ndani ya filta yake ndani ya saa moja, bila kuiosha na bila kuiacha ikauke.